Akaunti Ikifungwa, Mchango Usikatike

Ulikuwa usiku wa ishirini na tatu wa Ramadhani. Nimetoka tarawehe, nimeketi barazani na gilasi ya chai ya tangawizi, simu ikalia mlio wa barua pepe. Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne. Ilisema kwamba kampuni imeipitia akaunti yetu na kuona shughuli zake ziko kinyume cha masharti ya huduma. Tangu dakika ile hatuwezi kupokea wala kutoa fedha. Salio lililomo litashikiliwa hadi siku 180, na uamuzi huo ni wa mwisho. Ni sharti gani tulilolivunja, haikusema. Chini hapakuwa na jina la mtu wala nambari ya simu.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha watu kumi na wanne hapa Mombasa. Kazi yetu ni moja tu: kuwalipia nauli wagonjwa wa figo wa upande wa Likoni wanaovuka kwenda kusafishwa damu. Huenda ukauliza, nauli nayo ni jambo la kuundiwa kikundi? Mgonjwa wa figo hulazwa kwenye mashine mara mbili au tatu kwa juma, na kila mara hukaa hapo kiasi cha saa nne. Akitolewa, miguu haina nguvu, kichwa kinazunguka, presha imeshuka. Mtu wa hali hiyo humwambii asimame juani kungoja feri, kisha adandie matatu. Anahitaji tuktuk mlangoni kwake, na mtu wa kumshika mkono kwenye mteremko wa kivuko. Matibabu anaweza kuwa amelipiwa na bima, lakini bima haimtoi nyumbani. Akikosa siku moja, maji hujaa mwilini. Akikosa ya pili, hulala ameegemea mito kwa sababu akijinyoosha pumzi haiji.

Fedha hizi hutoka kwa ndugu na jamaa. Walioko hapa hutuma kwa simu, na kwa hilo hatujawahi kuwa na tatizo. Walioko Maskati, Toronto na Minneapolis tuliwafungulia akaunti kwenye kampuni moja ya malipo ya mtandaoni, ili mtu achange kwa kadi yake bila kumsumbua anayekwenda likizo ambebee bahasha. Jina la kampuni sitalitaja. Sikuandika haya ili kugombana nayo, na lililotufika limewafika wengi kwa mikono ya kampuni nyingi. Siku ile salio letu lilikuwa dola 3,260.

Jumanne asubuhi simu ikapigwa kutoka Mtongwe, upande wa Likoni, na mmoja wa wagonjwa wetu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Leo tuktuk haiji? Mimi nishavaa.”

Alikuwa amevaa tangu alfajiri. Leso zake mbili, viatu vya mpira, na kile kimfuko cha dawa na chupa ndogo ya maji ambayo daktari amempimia asivuke kiwango. Ameketi mlangoni, anatazama njia. Nilimwambia gari liko njiani, na nilipokata simu ndipo nikaanza kulitafuta. Dereva wetu, Mungu amzidishie, alikubali kuendesha kwa deni. Aliandika safari zake kwa kalamu nyuma ya kalenda ya duka la dawa: tarehe, jina la mgonjwa, kwenda na kurudi. Kufikia Idi kalenda ilikuwa imejaa mpaka pembeni.

Hasira zilipotulia nilianza kuulizia, na nimejifunza mambo ambayo kila mweka hazina angefaa kuyajua kabla hayajambishia hodi.

Mtu aliye Toronto akibonyeza kuchanga kwa kadi, fedha haziji kwetu moja kwa moja. Zinapita benki yake, mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, kampuni inayochakata malipo, kisha ndipo zifike benki yetu. Na kwa miezi kadhaa baadaye mwenye kadi ana haki ya kurudi benki kwake na kusema: malipo haya si yangu. Akisema hivyo fedha hurudishwa kwake, na anayedaiwa ni ile kampuni ya katikati. Ikiwa kikundi kimeshazitumia na mfukoni hakina kitu, hasara ni ya kampuni. Ndiyo asili ya siku 180. Kampuni inakaa juu ya fedha mpaka muda wa watu kulalamika upite. Kwa hili siilaumu, maana matapeli wanaojifanya mashirika ya hisani wapo, na wanaoumizwa ni watu wenye huruma kama wewe.

Anayechunguza akaunti hizi kwa kawaida ni programu. Mtu huja baadaye, kama anakuja. Programu hutafuta mwenendo usio wa kawaida, na sisi tulikuwa na mwenendo huo mara mbili. Kwanza, siku ishirini za Ramadhani zilituingizia fedha nyingi kuliko miezi kumi iliyotangulia. Msomaji wa pwani anaijua sababu bila kuambiwa. Programu iliona mchoro uliopanda ghafla kama mnazi.

La pili nililigundua mwenyewe nilipochapisha taarifa ya akaunti na kuipitia mstari kwa mstari na rula. Kati ya saa nane na saa tisa za usiku mmoja, majuma mawili kabla ya kufungiwa, iliingia michango 61 ya dola moja moja. Tulipoiona wakati ule tulifurahi, tukasema wito umewafikia vijana. Haikuwa hivyo. Wezi wanaonunua namba za kadi zilizoibwa hutaka kujua zipi zingali hai, na mahali wanapopenda kuzijaribia ni kwenye kurasa za hisani, kwa sababu huko kiasi ni cha kujichagulia na hakuna mzigo wa kupelekwa nyumbani kwa mtu. Dola ikipita, kadi ni hai, mwizi anakwenda nayo dukani. Yaani tulikuwa tumevamiwa, na tukafungiwa kwa kuvamiwa. Laiti mtu mmoja angetuandikia kuuliza, “Mbona michango 61 kwa saa moja?” tungelijua tatizo usiku uleule na kuweka kiwango cha chini cha dola tano.

Lipo zito kuliko hilo. Mastercard ina orodha iitwayo MATCH, ambamo benki na kampuni za malipo huandikisha wateja waliofungiwa kwa sababu fulani. Jina likiingia hukaa miaka mitano. Kampuni nyingine hulitafuta humo kabla ya kufungua akaunti mpya, na zikilikuta, nyingi hukataa. Mara nyingi mwenye jina hugundua yumo pale anapokataliwa mlango wa tatu. Kwa hiyo mtu akikwambia “si mfungue kwingine tu,” mwambie kwamba kufungiwa na mmoja kunaweza kuwa kufungiwa na wote.

Ningependa usidhani kwamba haya ni ya vikundi vidogo vya barazani visivyojua kujaza fomu. Mwezi Julai 2014 benki ya HSBC iliuandikia Msikiti wa Finsbury Park, London, kwamba akaunti yake itafungwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba kuendelea kuuhudumia kumepita kiwango cha hatari ambacho benki iko tayari kukibeba. Shirika la misaada la Ummah Welfare Trust nalo lilipata barua ya namna hiyo wakati huohuo. Ni kweli kwamba zamani msikiti ule ulikuwa mikononi mwa mhubiri mwenye msimamo mkali, Abu Hamza, na polisi waliuvamia Januari 2003. Lakini tangu 2005 ulikuwa na uongozi mpya kabisa, uliowafukuza watu wa Abu Hamza na kuufungulia mtaa milango. Waumini wakabaki kujiuliza wamekosa nini. Walipofuatilia waligundua kwamba World-Check, hifadhidata ambayo benki nyingi duniani hununua ili kuwachuja wateja, ilikuwa imeuweka msikiti wao kwenye fungu la ugaidi. Walikwenda mahakamani. Mwezi Februari 2017 Thomson Reuters, waliokuwa wenye hifadhidata hiyo, waliomba radhi na kukubali kulipa pauni 10,000 pamoja na gharama za kesi. Ilichukua miaka miwili na nusu, kwa watu wenye mawakili na wanaoishi katika jiji lenye mahakama zinazofanya kazi.

Na ukumbuke benki hiyohiyo ya HSBC ilikuwa imetoka wapi. Desemba 2012 ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.9, kwa sababu, pamoja na mengine, magenge ya dawa za kulevya ya Mexico yalikuwa yamesafisha fedha kupitia kwake. Baada ya adhabu kama hiyo kila benki hujikagua, na njia rahisi ya kujikagua ni kumtupa mteja mdogo ambaye faida yake haifiki gharama ya kumchunguza. Wadogo wanalipia makosa ambayo hawakuyafanya.

Wasomali wanalijua hili kuliko sisi. Mwaka 2013 Barclays iliamua kuzifungia akaunti kampuni nyingi za kutuma fedha, mojawapo Dahabshiil, ambayo ndiyo ilikuwa njia kubwa ya fedha za Wasomali waliotawanyika kwenda kwa wazazi wao. Fedha zinazoingia Somalia kwa njia hii zilikadiriwa wakati huo kufikia dola bilioni 1.3 kwa mwaka, kuliko misaada ya nje. Mwanariadha Mo Farah aliingia kwenye kampeni ya kuzitetea. Novemba 2013 Mahakama Kuu jijini London iliizuia Barclays isifunge mpaka kesi isikilizwe, na mwaka uliofuata pande mbili zikaelewana, Dahabshiil ikapewa muda wa kujipanga. Muda ndio walioupata, na muda ndio uliookoa. Kampuni iliyopewa miezi kadhaa inaweza kutafuta njia nyingine. Mama wa Mtongwe aliyepewa dakika sifuri hawezi.

Kisha liko la hapa hapa nyumbani, ambalo sisi wa Mombasa hatuna haki ya kulisahau. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Siku chache baadaye serikali ilitoa orodha ya watu na taasisi 86 zilizoshukiwa kuwa na uhusiano na Al-Shabaab, na ndani yake yalikuwamo mashirika mawili ya haki za binadamu ya mji wetu, MUHURI na Haki Africa. Akaunti zao zilizuiwa. Kampuni 13 za kutuma fedha zilifungwa nazo. Juni mwaka ule Mahakama Kuu ya Mombasa ilisema haikuonyeshwa uhusiano wowote wa mashirika hayo mawili na ugaidi, lakini fedha hazikuachiliwa. Ilibidi wangoje hadi Novemba 12, 2015 ndipo mahakama iamuru akaunti zifunguliwe. Hesabu mwenyewe miezi: saba. Kwa miezi saba watu waliokuwa wakifuatilia vijana waliopotea walifanya kazi hiyo bila uhakika wa mshahara, na huku mtaani jina limeshachafuka. Ile ilikuwa amri ya serikali, hii yetu ni kampuni binafsi, na najua sheria inazitenganisha. Kwa anayengoja msaada, foleni ni moja.

Mfano wa Marekani unanisumbua kwa namna nyingine. Desemba 2011 April Winchell, mwigizaji wa sauti, alikuwa akikusanya fedha za kuwanunulia watoto wa familia zenye shida zawadi za Krismasi. PayPal ilizizuia, kwa hoja kwamba alitumia kitufe cha michango ilhali yeye si shirika la hisani. Alikuwa mtu mwenye wasomaji wengi; walipaza sauti, na haikuchukua juma kampuni ikaomba radhi na kuachilia fedha. Nafurahi kwa ajili ya watoto wale. Lakini ukipima vizuri utaona kwamba kilichofungua mlango ni makelele. Sisi tuna wafuasi wangapi?

Basi naomba, na naanza na wenye mamlaka: Benki Kuu ya Kenya na Benki Kuu ya Tanzania, na wabunge wetu wa pande zote mbili. Kenya ina Sheria ya Mfumo wa Malipo ya Taifa tangu 2011, Tanzania tangu 2015. Simu zetu zimeufundisha ulimwengu namna ya kutuma fedha. M-Pesa ilianza Machi 2007, na leo mtoto wa darasa la tano anajua kutuma shilingi hamsini. Hatuwezi kushindwa kuandika kanuni ya kumlinda anayefungiwa. Uingereza, baada ya vishindo vya kisiasa kuhusu kufungiwa akaunti, ilitangaza Julai 2023 kwamba benki na kampuni za malipo zitatakiwa kutoa notisi ya siku 90 na kueleza sababu. Sisi tunaomba yaleyale: notisi, sababu, na mtu mwenye jina wa kusikiliza rufaa. Naongeza la nne, ambalo kwetu lina uzito kuliko yote. Panapohusika fedha za wagonjwa, yatima au waliokumbwa na maafa, na hakuna ushahidi wa wizi, salio lisilale siku 180. Lihamishiwe kwa taasisi nyingine inayotambulika, hospitali kwa mfano, liwafikie waliokusudiwa huku uchunguzi ukiendelea.

Nitaambiwa kwamba sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha zinakataza kumwambia mteja kuwa ameripotiwa. Ni kweli, na katazo hilo lina maana yake. Lakini linahusu walioripotiwa kwa tuhuma. Halimzuii mtu kusema “tumeona michango midogo mingi kwa saa moja, tueleze.” Katiba yetu ya Kenya ya 2010, ibara ya 47, inampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapogusa haki zake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo lenye athari kubwa kwake. Hii ya pili inamhusu mtu binafsi, na kikundi hakimo. Wabunge, tupanulieni.

Wala msiogopeshwe na wakubwa wa nje. Kikosi kazi cha kimataifa chenye makao Paris, FATF, ambacho orodha yake ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, inaziogopesha serikali zetu, kwa miaka mingi kiliandika kwamba mashirika yasiyo ya faida yako hatarini zaidi kutumiwa na magaidi. Mwezi Juni 2016 kiliyaondoa maneno hayo katika pendekezo lake la nane na kutaka hatua zilingane na hatari iliyopo, bila kuyatia mashirika yote kapu moja. Tanzania ilikaa katika orodha hiyo tangu Oktoba 2022 hadi Juni 2025. Kenya iliingizwa Februari 2024. Naelewa hofu ya wanaotaka kututoa. Ila kutoka katika orodha hakuhitaji kuwaponda wanyonge, na chombo cha kanda kinachosimamia mambo haya kiko Dar es Salaam, karibu yetu. Kiendeeni, kiulizeni.

Kwa vijana wetu walioajiriwa na kampuni hizi, wanaopitia majalada ya akaunti zilizotiwa alama, nina neno moja. Najua mnapimwa kwa idadi ya majalada mnayoyamaliza kwa zamu. Mkikuta jina la kikundi cha mahali mnapopajua, na mnaona kabisa kwamba ni akina mama wa mtaani, andikeni hivyo katika jalada. Wewe unajua Ramadhani ni nini, unajua harambee ni nini. Aliyetunga ile programu hajui.

Sasa wenzangu waweka hazina. Sisi nasi tuna sehemu yetu, na nitaisema bila kuificha. Akaunti yetu ilifunguliwa kwa jina langu binafsi, kwa sababu wakati ule cheti cha usajili kilikuwa hakijatoka, na kilipotoka hatukurudi kubadilisha. Kampuni iliona mtu mmoja anapokea fedha za hisani kutoka nchi tatu kwa jina lake. Hata mimi ningeshtuka. Kikundi cha kijamii hapa Kenya kinaweza kusajiliwa chini ya sheria ya 2022 ya usajili wa vikundi vya jamii, na gharama si ya kutisha. Sajilini kwanza, ndipo mfungue akaunti kwa jina lililo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Kabla ya Ramadhani, Krismasi au kampeni ya mafuriko, waandikieni kampuni: mwezi huu tunatarajia fedha nyingi kuliko kawaida, sababu ni hii, viambatanisho ni hivi. Barua hiyo haina uhakika wa kusomwa, lakini itakuwapo. Wekeni kiwango cha chini cha mchango. Msiache salio lilale huko. Kila Ijumaa litoeni lije benki, maana kisichokuwamo hakizuiliki. Na tafadhali, orodha ya wachangaji msiiache ndani ya akaunti peke yake. Siku tuliyofungiwa tulifungiwa na majina pia. Hatukuwa na namba za simu za nusu ya watu wetu, na hatukuweza hata kuwaambia kilichotokea.

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, kwako wewe unayechanga.

Siku 180 zilipoisha hatukupewa zile dola 3,260. Kampuni ilizirudisha kwenye kadi zilikotoka. Kwa mantiki yake ilitenda haki: kila mtu na chake. Zile dola za wezi zilirudi kwa wenye kadi, na ni sawa kabisa. Lakini wachangaji wetu wa kweli walikuwa 94. Wengi walipata ujumbe mfupi kwamba malipo yao yamerejeshwa, basi. Wengine hawakupata ujumbe wowote, waliona fedha zimeongezeka tu. Katika hao 94, waliotutumia tena ni 31.

Nimewapigia baadhi ya hao wengine, niliofanikiwa kuwapata. Hakuna hata mmoja aliyekataa. Mmoja wa Maskati alisema alidhani kikundi kimevunjika. Dada mmoja wa Minneapolis alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kaka, nilifikiri mlikuwa matapeli, nikaona aibu kuuliza.” Sikumlaumu. Neno “yamerejeshwa” bila maelezo linanuka. Mtu aliye mbali, amechoka na zamu ya usiku, ana hadithi ngapi za kutapeliwa alizozisikia? Alifunga simu yake akaendelea na maisha. Jioni ya siku niliyompigia, dada huyo alituma mara mbili ya mchango wake.

Kwa hiyo shaka yako usiizike. Iulize. Mpigie mweka hazina, mwambie akuonyeshe cheti, taarifa ya benki, daftari la matumizi. Kama ni mwizi utamjua kwa anavyokwepa. Kama ni mkweli atakushukuru, kwa sababu huenda wewe ndiye wa kwanza kumwuliza. Kiombe kikundi chako namba ya pili ya kuchangia, ya simu au ya benki, uiandike mahali pako, siku moja itahitajika. Ukisikia akaunti imefungwa, waambie wengine wa kundi la familia, kwa maana sisi huku tunaweza kuwa tumekatwa ulimi. Na ukiwa wakili, mhasibu, au mtu aliyewahi kufanya kazi katika benki, jitolee saa mbili kwa mwezi kukisaidia kikundi kimoja kupanga makaratasi yake. Saa mbili hizo zingetutosha sisi.

Mama wa Mtongwe bado anavuka. Jumanne na Ijumaa, na Jumapili akiitwa. Dereva tumemlipa deni lake lote isipokuwa safari kumi na moja, na ile kalenda nimeihifadhi ndani ya faili pamoja na cheti. Akaunti mpya ya kikundi imefunguliwa kwenye benki ya hapa, kwa jina la kikundi, watia saini watatu, na daftari liko mezani kwangu kila Jumamosi baada ya alasiri kwa anayetaka kulipekua.

Fungua simu yako usiku huu, utazame taarifa ya kadi yako ya mwaka huu. Ukikuta mchango uliorudishwa, wa kikundi chetu au cha mtu mwingine yeyote, tafuta namba ya mweka hazina wake. Mpigie kesho asubuhi, kabla tuktuk haijatoka.